Kufunga mabomba ya maji katika baridi ya chini ya sifuri: gundi, uchomeleaji, mtaro na upimaji wa presha

Msimamizi wa Mtaro anauliza:

Ndugu mafundi na wahandisi, salamu kwenu nyote.

Nimekabidhiwa usimamizi wa kazi ya kulaza bomba kuu la maji la HDPE (plastiki ya polyethilini nzito) lenye kipenyo cha milimita 110, pamoja na matawi ya PVC (plastiki ngumu inayounganishwa kwa gundi) yanayoingia katika majengo, na mabomba ya PPR (plastiki ya polipropilini inayounganishwa kwa joto) ndani ya majengo hayo, ambayo bado hayajawekwa madirisha wala mfumo wa kupasha joto. Ratiba imechelewa hadi imeangukia katikati ya majira ya baridi. Asubuhi kipimajoto chetu huonyesha hadi nyuzi 12 chini ya sifuri, na adhuhuri, siku zenye jua, hupanda kidogo juu ya sifuri kwa saa chache kisha kushuka tena. Uzoefu wangu ni wa kazi za mahali penye joto, ambako gundi hutusumbua kwa kukauka haraka mno, kwa hiyo mambo mengi ninayoyaona hapa ni mageni kwangu.

Naomba mwongozo katika mambo manne. Kwanza, je, gundi ya PVC inashika katika baridi kama hii, na je, inafaa kukipasha kiungio kwa moto ili ikauke mapema? Pili, mashine za kuchomelea HDPE na PPR ziongezwe joto ili kufidia baridi, au ziachwe kama zilivyo? Tatu, udongo umeganda hadi kuta za mtaro zimesimama wima zenyewe, na vijana wananiambia kwamba mbao za kuzuia kuta ni kupoteza muda. Je, wana hoja? Nne, na hili ndilo linalonikosesha usingizi, mwenye mradi anataka mabomba yote yapimwe kwa hewa ya kompresa kwa presha ya baa 10, kwa sababu anaogopa kwamba maji yataganda ndani. Je, nikubali?

Ningeshukuru zaidi kwa majibu yenye sababu, kwa kuwa nitalazimika kuyaeleza kwa wenzangu.

Fundi wa Zamu ya Usiku anajibu:

Kabla ya yote, uliza kama sehemu ya kazi inaweza kusubiri. Viungio vya PVC vingi vinaweza kuunganishwa ndani ya karakana yenye joto, vikakauka huko, vikapelekwa mtaroni vikiwa vipande vikubwa vilivyokamilika, na hivyo viungio vya kufanyia nje vikabaki vichache. Kazi ya PPR nayo ingesubiri hata karatasi nzito za plastiki zifungwe kwenye nafasi za madirisha. Ratiba ikipangwa upya kwa njia hiyo, nusu ya maswali yako hupungua makali.

Mchomeleaji wa Plastiki anajibu:

Nitajibu swali la pili, kwa kuwa ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Usiongeze joto la mashine. Bamba la kuchomelea HDPE kwa kukutanisha ncha huwekwa kati ya nyuzi 200 na 235 za Selsiasi, kutegemea kiwango mnachokifuata, na kiwango hicho hakibadiliki kwa sababu nje kuna baridi. Bamba likizidi hapo, plastiki ya juu huungua na kuharibika huku ya ndani ikiwa bado haijaiva, na kiungio hutoka kikiwa kizuri machoni lakini kidhaifu. Kinachobadilika ni muda wa hatua ya kwanza, ile ya kusubiri uvimbe wa plastiki iliyoyeyuka ujitokeze kuzunguka mdomo wote wa bomba. Bomba la baridi huchelewa kutoa uvimbe huo, nawe huna budi kuusubiri hadi ufikie kimo kinachotakiwa pande zote, ndipo uanze kuhesabu muda wa kulipasha bomba. Fundi anayetazama saa peke yake, bila kutazama uvimbe, atachomelea viungio visivyoiva kutwa nzima bila kujua.

Adui mkubwa kuliko baridi yenyewe ni upepo. Upepo hupoza upande mmoja wa bamba, na pia hupita ndani ya bomba kutoka ncha ya mbali hadi kwenye kiungio. Weka hema juu ya mashine, kisha ziba ncha za mbali za mabomba yote mawili kwa vifuniko. Jambo la vifuniko hupuuzwa sana, lakini bomba refu lililo wazi pande zote mbili huvuta hewa baridi muda wote wa uchomeleaji, hata kama hema lako limefungwa vizuri.

Hema nalo huleta tatizo lake. Hewa ya ndani yenye joto na unyevu ikikutana na bomba lililotoka nje likiwa chini ya sifuri, umande hutanda juu ya plastiki papo hapo, wakati mwingine mwembamba hata usiuone bila kupitisha kidole. Ingiza ncha za mabomba ndani ya hema mapema ili zipate joto, kisha ndipo uzikwangue na kuzifuta kwa vitambaa maalumu vyenye kemikali ya kusafishia. Sehemu ikishakwanguliwa, isiguswe kwa mkono wala kwa glavu. Kiungio kikishafungwa kiache kipoe chenyewe kikiwa bado kimebanwa kwenye mashine kwa muda wote uliowekwa. Hakuna kumwagia maji wala kukipaka theluji ili kipoe haraka.

Kwa viungio vya soketi (vipande vinavyovishwa juu ya ncha za mabomba) zenye nyaya za umeme ndani, jihadhari na jambo moja ambalo limewaponza wengi. Mashine nyingi za aina hiyo zina kipimajoto kinachopima hewa iliyopo, na hupanga muda wa kuchomelea kwa kufuata kipimo hicho. Mashine ikiwekwa ndani ya gari lenye joto huku bomba likiwa mtaroni kwenye nyuzi 8 chini ya sifuri, itadhani kila kitu kina joto na itatoa umeme kwa muda mfupi kuliko unaohitajika. Mashine, soketi na bomba vikae mahali pamoja hadi vilingane joto. Kisha soma kijitabu cha mashine yako uone mwisho wake wa chini. Nyingi hukubali hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, na kwa hali uliyoieleza, asubuhi zako nyingine ziko nje ya mpaka huo.

PPR ina tabia tofauti. Pasi ya kuchomelea hubaki kwenye nyuzi 260, lakini joto la mazingira likiwa chini ya nyuzi 5 muda wa kupasha huongezwa kwa nusu yake. Bomba la milimita 20 ambalo kwa kawaida hupashwa kwa sekunde 5 huhitaji sekunde 8, na la milimita 25 hutoka sekunde 7 hadi 11. Hatari kubwa ya PPR kwenye baridi iko hata kabla ya kuchomelea: karibu na sifuri plastiki hii hukakamaa na kuwa rahisi kuvunjika, kiasi kwamba bomba likiangushwa kwenye sakafu ya zege au likigongwa ncha yake garini, hupata ufa mwembamba unaoanzia ndani, usioonekana kwa nje. Kata sentimita 5 kutoka kila ncha ambayo huna uhakika nayo, na mkasi wa PPR usiutumie kwenye bomba lililoganda, kwani nao hupasua. Lilaze kwanza bomba mahali penye joto.

Nyongeza kuhusu mizunguko ya HDPE, yaani mabomba yanayoletwa yakiwa yameviringishwa na kufungwa kwa mikanda: baridi huifanya kuwa migumu na yenye nguvu kubwa ya kujirudisha. Ukikata mikanda yote kwa pamoja, ncha ya bomba inaweza kumpiga mtu usoni kwa nguvu ya kumwangusha. Kata mkanda mmoja mmoja kuanzia tabaka la nje, ncha ikiwa imefungwa kwa kamba na mtu akiwa amesimama pembeni yake, kamwe si mbele.

Fundi wa PVC anajibu:

Naomba niendelee na swali la kwanza.

Gundi ya PVC hushika kwa kuyeyusha uso wa bomba na uso wa soketi ili viwili hivyo vichanganyike na kuwa kitu kimoja. Haifanyi kazi kama gundi ya kubandikia karatasi. Baridi hupunguza kasi ya kuyeyusha huko na pia hupunguza kasi ya kemikali kutoka baadaye. Kwa hiyo jibu ni kwamba gundi hushika, lakini kwa masharti. Uso wa bomba lazima ulainike kweli kabla ya kuungana. Namna ya kujua ni kupaka praima (kimiminika cha kulainisha uso kabla ya gundi) kwenye kipande cha bomba kisichohitajika kilicho katika baridi ileile, kisha kukwaruza kwa ukingo wa kisu: plastiki ikitoka kidogo kama utando laini, uso umelainika, kisu kikiteleza tu, paka tena na usubiri.

Makopo ya gundi na praima, pamoja na soketi na elbo, yakae katika chumba chenye joto la kawaida, na yatolewe kidogo kidogo kwa kadiri ya matumizi. Gundi iliyoganda na kuwa nzito kama uji mzito haifai tena. Usiiongezee praima ili iwe nyepesi, itupe kwa utaratibu wa taka za kemikali. Kabla ya kupaka, futa kila dalili ya unyevu na barafu kwenye mdomo wa bomba na ndani ya soketi, kwa sababu barafu nyembamba iliyobaki ndani ya soketi huyeyuka baadaye na kuacha njia ya maji.

Baada ya kuunganisha, shikilia kiungio kwa nguvu kwa nusu dakika au zaidi, maana soketi ina mteremko wa ndani unaolisukuma bomba litoke, na gundi iliyopoa huchelewa kulizuia. Kisha subiri. Kuhusu muda, majedwali yanayotumiwa sana kwenye makopo ya gundi yanaonyesha tofauti ambayo mtu wa mahali penye joto asingeitarajia. Kwa bomba lisilozidi inchi 1¼, muda wa kusubiri kabla ya kulisogeza ni dakika 2 katika joto la kati ya nyuzi 15 na 38, lakini ni dakika 10 likiwa chini ya nyuzi 4. Kwa bomba la kati ya inchi 2½ na 8, ni dakika 30 kwenye joto, saa 2 kati ya nyuzi 4 na 15, na saa 12 chini ya nyuzi 4. Huo ni muda wa kulisogeza tu. Muda wa kuweka presha ni mrefu zaidi, na kopo lako ndilo lenye neno la mwisho. Zipo pia gundi zilizotengenezwa kwa ajili ya baridi, nazo zinafaa kununuliwa kwa kazi kama yako.

Moto sasa. Hapana, na nasema hapana bila masharti. Kemikali zilizomo ndani ya gundi hii hushika moto kwa urahisi ajabu. Mojawapo, tetrahidrofurani, hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye nyuzi 14 chini ya sifuri, maana yake ni kwamba baridi yako ya asubuhi haikulindi hata kidogo. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujikusanya mtaroni, hasa mahali ambapo fundi amechuchumaa na kichomeo chake. Zaidi ya hatari ya kuwaka, moto hukausha ngozi ya juu ya gundi na kufungia kemikali ndani, ambako hutoa mapovu na kudhoofisha kiungio. Ukitaka joto, lete hewa ya uvuguvugu kutoka kwenye chanzo kilicho mbali, na hakikisha hewa inapita.

Bomba lenyewe la PVC, baridi hulifanya livunjike kwa urahisi. Lisishushwe kutoka garini kwa kutupwa. Likate kwa msumeno wenye meno madogo, si kwa mkasi wa kubana, kisha lainisha ukingo kwa tupa. Kama baadhi ya viungio vyako ni vya mpira wa kusukumia, weka mipira hiyo ndani ya koti au chumbani, kwa kuwa mpira ulioganda haurudi vizuri kwenye mfereji wake na bomba linapoingia huuvuta na kuukunja.

Msimamizi wa Mtaro anaongeza:

Nawashukuru sana. Nina swali dogo lililozaliwa na majibu yenu: bomba la HDPE jeusi linalochomelewa juu ya ardhi adhuhuri, jua likilipiga, kisha likashushwa mtaroni jioni, je, tofauti ya joto ina madhara ya maana, au ni jambo la kwenye vitabu tu?

Mchomeleaji wa Plastiki anajibu:

Lina maana kubwa. HDPE husinyaa kati ya milimita 0.15 na 0.2 kwa kila mita moja kwa kila nyuzi moja inayopungua. Chukua bomba la mita 100 ambalo juani lilikuwa na joto la nyuzi 20 zaidi ya joto la chini ya mtaro: litasinyaa kati ya milimita 300 na 400. Ukiwa umeshalifunga kwenye valvu pande zote mbili, urefu huo unatafutwa kwa nguvu, na kinachosalimu amri ni flanji (kisahani cha kuungia kwa bolti) au kiungio cha kubana. PVC husinyaa chini ya nusu ya hapo, lakini haina unyumbufu wa kusamehe.

Kwa hiyo lishushe bomba likiwa limelegea na kupindapinda kidogo mtaroni, lifunike sehemu za katikati kwa mchanga, liache usiku mmoja lilingane na joto la ardhi, na kesho yake ndipo ufunge ncha za mwisho.

Mkaguzi wa Usalama anajibu:

Nimesubiri wenzangu wamalize mambo ya ufundi, kwa sababu maswali yako ya tatu na ya nne ndiyo yanayoua watu.

Kuta za mtaro zilizoganda huonekana imara, na kwa asubuhi ile huenda ni imara kweli, lakini uimara huo si wa udongo, ni wa barafu iliyo ndani yake. Jua la adhuhuri likipiga ukuta mmoja, au hita ya hema ikiwekwa karibu, au maji ya kupimia yakimwagika, barafu huyeyuka na udongo unaobaki ni dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla ya kuganda, kwa kuwa kuganda kwenyewe kumeutanua na kuuachanisha. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na mtu aliyefukiwa hadi kifuani hawezi kupumua hata kama kichwa chake kiko nje. Kanuni za Marekani, kwa mfano, hutaka kinga ya kuta kwa mtaro wowote wenye kina cha futi 5 au zaidi, yaani takriban mita 1.5, isipokuwa ule uliochimbwa wote ndani ya mwamba imara, na udongo ulioganda hauhesabiwi kuwa mwamba. Weka mbao au masanduku ya chuma, weka ngazi karibu na kila mtu anayefanya kazi chini, na kifusi kikae mbali na ukingo. Vijana wako wanaokoa saa moja kwa kuweka rehani maisha yao.

Kwa kuwa tuko mtaroni, chini yake pasiwe na theluji wala barafu wakati wa kulaza, na kifusi cha kufunikia kisiwe na madonge yaliyoganda. Donge lililoganda huligonga bomba sasa, kisha majira ya joto huyeyuka na kuacha shimo, na bomba hubaki likining'inia pale lilipotakiwa kuegemea. Tumia mchanga mkavu uliofunikwa. Chimba tu urefu utakaoweza kuufunika siku hiyohiyo, na sehemu itakayobaki wazi ifunike usiku kwa majani makavu au mablanketi ya kuzuia baridi.

Sasa hema, ambalo wenzangu wamelisifu kwa haki. Usiingize ndani yake jiko la mkaa, wala hita ya gesi au dizeli isiyo na bomba la kutolea moshi nje. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na dalili zake za kwanza, yaani kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, hufanana na za mafua, ndiyo maana watu hukaa chini kupumzika palepale wanapopaswa kupakimbia. Hita ikae nje na ipeleke hewa yake safi ya joto kwa bomba pana, na ndani kiwepo kingʼora cha gesi hiyo. Hema la kuunganishia PVC kwa gundi lisiwe na kitu chochote chenye mwali wala cheche, kwa sababu alizozieleza Fundi wa PVC.

Na upimaji kwa hewa, usikubali. Maji hayabanwi kirahisi, kwa hiyo bomba lililojaa maji kwa presha ya baa 10 likipasuka, maji hutoka, presha hushuka mara moja na mambo yameisha. Hewa hubanwa, na nguvu yote uliyotumia kuibana huwa imehifadhiwa ikisubiri njia. Mita 100 za bomba lako la milimita 110 zikiwa na hewa ya baa 10 zinabeba nishati ya takriban megajuli 1, ambayo ni sawa na ya lori la tani 5 linalokwenda kwa kasi ya kilomita 72 kwa saa. Kisha ongeza kwamba PVC katika baridi hupasuka vipande vyenye makali badala ya kuchanika. Watengenezaji wa mabomba ya PVC hukataza kuyapima kwa hewa ya presha kubwa hata katika hali ya joto. Mwonyeshe mwenye mradi maelezo ya mtengenezaji wa mabomba yake, kwa maandishi, na umwombe jibu kwa maandishi.

Mwisho, watu. Glavu zilizolowa zibadilishwe mara moja, na kuwe na jozi nyingine kavu kwa kila mtu. Kidole kilichopauka na kupoteza hisia kipashwe kwa uvuguvugu wa mwili au maji ya vuguvugu. Kisisuguliwe, na kisisogezwe karibu na moto, kwa kuwa hakihisi kinapoungua. Anayetetemeka sana, kisha akaanza kuongea kwa kujikwaa au kuacha kutetemeka bila kuwa amepata joto, ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali.

Msimamizi wa Mtaro anaongeza:

Nimeelewa, na suala la hewa nimeshaliandikia barua. Sasa linabaki la vitendo: tunapima vipi kwa maji bila kuyaacha yagande ndani?

Fundi wa Zamu ya Usiku anajibu:

Hili tumelifanya mara nyingi, na linawezekana kama utalipanga kwa vipande vifupi na ukaheshimu saa.

Funika bomba lote isipokuwa viungio, kwa kuwa udongo juu yake ndio blanketi bora. Anza kujaza karibu na adhuhuri, kwa maji yaliyotunzwa mahali penye uvuguvugu, yasizidi nyuzi 20, kwa sababu presha iliyoandikwa kwenye mabomba ya plastiki imepigiwa hesabu kwenye joto hilo na hupungua joto likipanda. Jaza polepole kutoka upande wa chini na utoe hewa yote upande wa juu, maana hewa iliyobaki ndani inakurudisha kwenye hatari ileile uliyoiandikia barua. Pandisha presha hadi kiwango kilichoelezwa kwenye mkataba, ambacho mara nyingi ni mara moja na nusu ya presha ya kazi. HDPE hutanuka kidogo ikipata presha, hivyo sindano ya geji, yaani kipimo cha presha, itashuka mwanzoni bila kuwapo uvujaji. Rudishia maji kwa utaratibu wa kiwango mnachokifuata kabla ya kuanza kuhesabu muda wa kipimo.

Iangalie geji kwa jicho la mashaka. Kijibomba chembamba kinachoipelekea presha ndicho cha kwanza kuganda, kwa sababu kina maji machache na kiko wazi kwenye upepo. Kikiganda, sindano husimama palepale ilipo, haitikisiki, na kila mtu hufurahi kwamba bomba halivuji. Kivishe sponji ya kuzuia baridi, na baada ya muda wa kipimo fungua koki ya kutolea maji taratibu uone kama sindano inashuka. Isiposhuka, hukupima kitu.

Kipimo kikiisha, toa maji siku hiyohiyo kabla jua halijazama. Kila sehemu ya chini ya mtandao iwe na koki ya kutolea, na juu pafunguliwe ili hewa iingie. Mabomba madogo ya ndani ya majengo yapulizwe kwa hewa ya presha ndogo, koki zote za mwisho zikiwa wazi, ili yaliyotuama kwenye elbo yatoke. Usitumie dawa ya kuzuia kuganda kwenye mabomba ya maji ya kunywa. Na katika mfumo wa kupasha joto ambao maji yake huzunguka peke yake bila kuchanganyika na ya kunywa, inayotumika ni propilini glaikoli, si ethilini glaikoli, ambayo ni sumu.

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na bomba mara nyingi halipasuki pale penye barafu, bali katikati ya barafu na koki iliyofungwa, ambako maji yaliyobaki hubanwa hadi yatafute njia. Ikitokea sehemu imeganda, fungua koki iliyo karibu kwanza, kisha anza kupasha kutoka upande wa koki kuelekea kwenye barafu, kwa kitambaa cha maji ya moto au kwa kikaushio cha umeme mahali pakavu, na siyo kwa mwali.

Valvu za tufe ndizo husahaulika. Ikifungwa baada ya bomba kutolewa maji, hubakiza maji ndani ya tundu la tufe lenyewe na nyuma yake, na usiku mmoja wa nyuzi 12 chini ya sifuri unatosha kupasua mwili wake bila mtu kujua hadi siku ya kufungulia maji. Ziache nusu wazi zote, na kwenye kila mpini funga kibao kinachosema limekaushwa, usifunge, maana daima kuna mtu wa zamu inayofuata atakayeiona valvu iko nusu na kudhani anasaidia kwa kuifunga.